Johnson ya mjomba, wiki ya saba: imewaka, ila kwa silinda moja

Kwa anayeingia leo: ni injini ya boti, Johnson ya 1975, farasi 9.9, silinda mbili, ya kuchanganya oili na petroli. Mjomba aliivulia samaki Kunduchi, kisha ikalala stoo na chumvi yake yote.

Kama mnakumbuka, koili za kutengeneza umeme wa cheche, zilizokuwa chini ya flaiwili (lile gurudumu zito la juu ya injini), nilizikuta zimepasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi. Nilitaka kununua koili mpya, nisafishe platini (vile vidole vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke), niweke nafasi ya milimita 0.5, basi. Fundi mmoja wa pale Feri akacheka. "Mwanangu, platini na chumvi hazipatani. Tangu 1977 wenyewe walihamia CDI, cheche ya kielektroniki isiyo na platini, kama bodaboda. Tafuta mashine mbovu ya miaka ya baadaye, uichune."

Nikaipata Kigamboni: Johnson 15 ya miaka ya themanini, giaboksi imepasuka, pistoni zimeganda. Nilivuka nayo kwenye pantoni ikiwa ndani ya gunia. Abiria mmoja akaniuliza kama ni papa.

Uzuri ni kwamba kwa miaka hiyo bloku ya 9.9 na ya 15 ni ileile. Nikahamisha CDI, koili na sahani yake, nikarudisha flaiwili ya zamani kwa kuwa ilikuwa safi zaidi. Nikavuta kamba mpaka bega likalalamika. Cheche hakuna. Jioni nzima imeliwa na ubahili wangu: CDI inalishwa na koili ya kuchaji, na koili hiyo inategemea sumaku za flaiwili yake. Za platini zimepangwa vingine. Ukichukua mfumo, chukua wote, pamoja na flaiwili. Nilipobadilisha, cheche ikaruka, ya buluu, inasikika "ta!"

Boliti moja ya mguu, ile sehemu ya injini inayozama majini, ilikatikia ndani. Pasha moto, mwagia oili, pasha tena, wapi. Fundi wa kukereza Gerezani ndiye aliyeitoboa. Impela ya zamani, kigurudumu cha mpira cha kusukuma maji ya kupoza injini, ilikuwa ngumu kama soli ya kandambili, mabawa yote yamelalia upande mmoja. Mpya, iliyouzwa kama ya 15, imekaa bila ubishi.

Kabureta ndiyo tumegombana. Ya 15 ina koo pana, na hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya hizo farasi zinazozidi. Mjomba anaitaka. Mimi nimeirudisha ya 9.9, maana kitako cha boti yake, pale injini inapofungwa, nakijua, mbao zake zinabonyea kwa kidole.

Jumapili tukaifunga kwenye pipa la maji. Oili mililita 100 kwa petroli lita 5, yaani 50 kwa 1. Mvuto wa kumi na nne ikashika! Moshi mpaka kwa jirani, samahani mama. Lakini mlio ulikuwa wa kuchechemea. Nikachomoa waya wa plagi ya chini, mlio haukubadilika. Nikabadilishana koili za plagi, ya juu ikaenda chini, ya chini ikaenda juu. Sasa silinda ya juu ndiyo iliyokufa. Basi mgonjwa ni koili.

Mjomba alisikiliza kwa simu. "Mbona inakohoa?"

Kesho naenda Gerezani na koili mbovu mfukoni, nisije nikauziwa ya pikipiki.