Nje ya ukumbi wa Kaloleni
Jana pitapita zangu Nairobi zilinifikisha Kaloleni, nikasimama nje ya ukumbi kupiga picha. Katoto kamoja, mpira kwapani, kakaniuliza, "Unapiga picha ya nini?" Nikamwambia Aprili 1950 Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alisimama humo ndani akadai uhuru wa Afrika Mashariki, tena sasa hivi, wakati wengi walikuwa bado wanaomba mageuzi madogomadogo. Mwezi uliofuata akakamatwa. Kuachiwa ni Oktoba 1961! Akajiunga na KANU, chama kilichoiongoza Kenya kupata uhuru, lakini cheo cha maana hakupewa. Hilo hunikera hadi leo.

"Kwani alikuwa Mhindi?"

Ndiyo, kijana wa kiwanda cha uchapaji cha babake, aliyeanza kuongoza chama cha wafanyakazi 1935.

"Sawa," akasema, akarudi uwanjani.