Binzari inayowaka

Jumamosi mama mmoja wa makamo alisimama kwenye meza yangu hapa Muheza, akachota binzari ya manjano kwa ncha ya kidole na kuisugua kiganjani. "Mwanangu, mbona imepauka hivi? Za wenzio zinawaka."

"Mama, hii nimeichemsha mwenyewe, nikaianika, nikaipeleka mashineni. Rangi yake ndiyo hiyo."

Akapangusa kiganja kwenye kanga, akaenda zake.

Simlaumu. Lakini tangu niliposoma habari za Bangladesh, hilo neno "zinawaka" linaninyima raha.

Kule mboga haiivi bila binzari. Miaka ya 1980 mafuriko yalifanya mizizi isikauke vizuri, ikatoka imefifia. Wasindikaji wakaanza kuisugua kwa kromati ya risasi, unga wa njano kali wa kutengenezea rangi za viwandani. Mizizi ikang'aa, wateja wakaipenda, na desturi ikaota mizizi. Risasi ninayosema ni yale madini. Ukiikoroga kwenye mchuzi huisikii kwa ulimi wala kwa pua. Mwili huidhania kalsiamu, ukaihifadhi mifupani. Mwanamke akishika mimba, risasi hiyo huachiwa ikaingia kwenye damu, ikamfikia mtoto tumboni na kuharibu ubongo wake kabla hajazaliwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hapo niliacha kusoma kwanza. Nimezaa watoto watatu, na mimba zote nilikula binzari.

Watafiti wa icddr,b, kituo cha utafiti wa afya cha Dhaka, na wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, akiwemo Jenna Forsyth, walikuta wajawazito wa vijijini, mbali na viwanda, wana risasi nyingi kwenye damu. Wakashuku dawa za mashambani, wakashuku makopo ya chakula, wakashuku binzari. Risasi hutofautiana isotopu, yaani aina za atomu zake zenye uzito tofauti, kulingana na ilikotoka, kwa hiyo wakalinganisha ya kwenye damu na ya kwenye viungo. Binzari ikaumbuka.

Kilichofuata ndicho kinachonipa moyo. Mwaka 2019 serikali ilibandika matangazo masokoni, wakaguzi wakaingia soko la Shyambazar, Dhaka, na kifaa cha eksrei kinachoshikwa kama bastola: unaielekezea binzari, kinakusomea risasi papo hapo. Wauzaji wawili wa jumla wakatozwa faini. Mwaka huo sampuli 47 katika kila 100 za sokoni zilikuwa na risasi. Mwaka 2021 haikuonekana hata moja.

Miaka miwili tu! Lakini ripoti ya 2020 ya Unicef na Pure Earth, shirika linalopambana na uchafuzi wa sumu, inasema mtoto 1 kati ya 3 duniani ana risasi kwenye damu kwa kiwango cha kutisha, kutokana na betri zinazoyeyushwa ovyo, rangi za nyumba, vyombo vya kupikia, viungo. Sehemu nyingi hayo hayapimwi vya kutosha.

Sisi wauzaji tunalijua jicho la mteja. Likitaka njano kali, atatokea tu wa kuliridhisha. Binzari yangu naweza kuiapia, maana naijua tangu shambani. Ya jirani siwezi kuisema vizuri wala vibaya, na mteja hana pa kushika zaidi ya macho yake. Ndiyo maana nakitaka kile kifaa hapa kwetu. Siku kikifika, waanzie meza yangu.