Tarehe 20 Gerezani

Saa moja na nusu asubuhi nimeshashuka kwenye daladala ya Gongo la Mboto. Majirani wakisikia nashughulika na kodi wanadhani ndiye mimi ninayefunga maduka. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea tu, nina wafanyabiashara kumi na mmoja, na leo ni mwisho wa kutuma ritani, yaani taarifa, za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) za mwezi uliopita.

Hadi adhuhuri nimetuma saba. Chai, chapati mbili, hakuna cha kusimulia.

Saa nane akaingia mzee wa vifaa vya ujenzi na mfuko wa rambo wenye risiti zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Zote zimo."

Zimo kweli, ila zilishinda mwezi mzima kwenye dashibodi ya pikapu. Karatasi ya EFD, mashine ya risiti za kodi, haipatani na jua. Nusu zimekuwa nyeupe kama tishu. Nikaanza kuzimulika moja moja kwa tochi ya simu, kusaka namba ya uhakiki pale chini. Ukiipata, pamoja na saa ya mauzo, unaiona risiti yote mtandaoni.

"Hii B au 8?" nikamuuliza kijana wangu.

"8."

Haikuwa 8.

Ya nondo, milioni 5.9, ilisomeka vizuri sana. Tatizo, haina jina la mzee wala TIN yake, namba ya mlipakodi. Humo mna laki tisa za VAT, asilimia 18 ya milioni tano ya nondo zenyewe, ambazo hawezi kuzipunguza kwenye deni lake.

"Si nililipa? Wewe iweke tu."

"Wakikagua wataikata mzee, na riba juu."

"Sasa laki na nusu nakupa ya nini?"

Akampigia muuzaji. Akajibiwa mwezi umeshafungwa. Akakaa kwenye benchi langu hadi magharibi, hasemi, anazikunja zile nyeupe na kuzikunjua.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mfumo unazunguka, nchi nzima inatuma usiku huu, bando limekata mara mbili, mgongo unawaka. Miaka tisa sijawahi kumchelewesha mteja, na leo sianzi. Ya mzee ilipita ya mwisho, dakika kumi kabla ya saa sita usiku. Daladala hakuna, bodaboda anataka elfu kumi.

Nikiwa njiani simu ikatetema: "Binti umetuma? Ile ya nondo umeiweka?"