Nilivyovusha taarab barabarani kwa mwanga wa rimoti mbovu

Nilipolalamika kwamba sauti ninayoivusha kwa mwanga inafika na mngurumo, walioniambia "ongeza nguvu" ni wengi, na nawajibu wote hapa kwa pamoja: nguvu haikuwa shida. Redio iko kwenye karakana yangu Ngamiani, Tanga. Spika iko ng'ambo, kwenye saluni ya kaka. Katikati kuna barabara, na kinachobeba sauti ni LED, kile kitaa kidogo cha mbele, niliyoing'oa kwenye rimoti ya king'amuzi kilichokufa.

Waya tulikuwa nao. Malori ya mchanga yaliukata mpaka nikachoka kupanda ngazi. Bluetooth ilichelewesha sauti, na mpita njia akisimama katikati anamsikia mwimbaji yule yule mara mbili. Kitransmita cha FM walinishauri watu ambao hawatakuwepo siku TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wakija kuuliza leseni. Nikabaki na mwanga usioonekana kwa macho, ule wa rimoti.

Nilianza pale wote wanapoanzia: sauti ikipanda, mwanga unaongezeka, ikishuka, mwanga unafifia. Ni njia ya kale. Alexander Graham Bell aliitumia mwaka 1880 kule Washington, kwa mwanga wa jua na kioo chembamba kinachotikiswa na sauti, maneno yakafika mita 213. Lakini Bell hakuwa na taa za umeme zinazomtazama machoni. Mchana yangu iliimba vizuri tu. Magharibi ilipoingia na taa za mtaa mzima kuwaka, spika ikajaa mngurumo, kwa sababu umeme wetu ni wa hertzi 50 na taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Bi mkubwa wa taarab akawa kama anaimba akiwa ndani ya mashine ya kusaga. Wateja wa kaka walikuwa wanacheka huku wamefungwa shuka shingoni.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa siku nyingi. Shikamoo, marahaba, akatazama bodi yangu sekunde tatu: "Mwanangu, hiyo taa ndogo. Funga kumi." Nikafunga, na nyingine za nyongeza, kwenye kipande cha bati, na transista kubwa nyuma. Bati lilipata moto wa kukaangia yai. Mngurumo ulipungua kidogo, nakubali, lakini kila wimbo ulipotulia ulirudi. Tena upepo ukitikisa bomba la mpokezi, kile kifaa cha saluni kinachodaka mwanga, sauti inapanda na kushuka yenyewe. Kaka akaniuliza, "Dogo, hii redio ina pumu?"

Hapo ndipo nilipoacha kubembeleza ukali wa mwanga. Ukali ndio unaoharibiwa na kila kitu: vumbi, jua, taa ya jirani, mtu anayepita na ndoo. Muda hauharibiwi na vumbi. Sasa mwanga wangu una hali mbili tu, umewaka au umezimika, na sauti imo kwenye muda. Napiga mipigo kama 40,000 kwa sekunde. Sauti ikipanda, mpigo unarefuka, ikishuka unafupika. Hiyo ndiyo PWM, kubeba sauti kwa urefu wa mpigo. Mpokezi haulizi mwanga ni mkali kiasi gani, anauliza tu uliwaka lini na ukazimika lini. Na kwa kuwa mipigo ni ya kasi, kapasita ndogo mlangoni mwa mpokezi inaukata ule mngurumo wa polepole kabla haujaingia.

Kuitengeneza ni aisii (chipu) mbili za 555, ile aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971 na ambayo bado haijapata wa kuizika. Ya kwanza inapiga mdundo wa kila mzunguko. Ya pili inaamshwa na ya kwanza, na sauti unaiingiza pini namba 5. Mengine fundi yeyote anayajua.

Ikafanya kazi siku hiyo hiyo, lakini umbali ukawa mfupi. LED ilikuwa inawaka karibu nusu ya muda wote, na LED ya aina hii kwa kawaida inaishia kama miliampia 100 ukiiwasha mfululizo. "Si tulikwambia?" wakasema wale wa kuongeza nguvu.

Sasa sikiliza utamu. Mpigo una mwanzo na mwisho, na habari yote imo kwenye pengo kati ya hivyo viwili. Katikati yake LED inawaka bure! Basi nikaweka kapasita ndogo, rezista na transista, zikawa zinanyofoa ncha tu: pale mpigo unapoanza, mmweko wa mikrosekunde 2, pale unapoisha, mmweko mwingine wa 2. Mmweko wa kwanza haubanduki mahali pake, wa pili unasogea mbele na nyuma kufuata sauti. Mzunguko mzima ni mikrosekunde 25, kwa hiyo LED inawaka 4 na kupumzika 21, nami naweza kuipiga nusu ampia kila mmweko na wastani wake ukabaki miliampia 80. LED moja hiyo, nyuma ya lenzi ya kukuzia maandishi, ikavuka barabara na ziada. Ila kapasita ya mikrofaradi 100 igande miguuni mwa LED kabisa, la sivyo mmweko unafika umeshachoka.

Upande wa kupokea nilitishwa kwamba nitahitaji kutofautisha mmweko wa kwanza na wa pili. Wala. Nimetumia nusu ya aisii ya 4013: kila mmweko ukifika, inageuka, juu, chini, juu, chini. PWM inazaliwa upya, rezista na kapasita zinailainisha, sauti hiyo inaingia kwenye amplifaya. Na ikikosa mmweko mmoja kwa sababu bajaji imepita? Inaanza kugeuka kinyume, na wimbi la sauti linapinduka juu chini. Sikio la binadamu halijui tofauti. Unasikia "tk" moja, wimbo unaendelea. Hilo sikufundishwa na mtu, na nalisema kwa majivuno.

Kilichonisumbua kweli ni komparata, aisii ya mpokezi inayoamua kama mmweko umefika au la. LM393 ilikuwa inasinzia kwa mimweko mifupi namna hii, LM311 ikawa macho. Ncha zikipanda kwa mteremko badala ya kusimama wima, muda unayumba, na muda ukiyumba ndiyo mchakacho wenyewe huo.

Jua la jioni lilikuwa linampiga mpokezi usoni. Dawa yake niliipata kwenye bahasha ya picha za harusi ya shangazi: kile kipande cheusi cha mwanzo wa negativu ya rangi, kilichoungua mwanga wakati wa kupachika filamu. Mwanga unaoonekana kwa macho haupenyi, wa rimoti unapenya. Viwili juu ya fotodiodi, lile jicho la mpokezi, ndani ya kipande cha bomba la maji nililolipaka rangi nyeusi, basi. Kulenga, tazama LED kwa kamera ya simu, nyingi zinauona mwanga huo, wa zambarau hivi. Simu ikikataa, jaribu kamera ya mbele.

Gharama sikuiandika. Vitu vingi ni vya mabodi mabovu. Nilivyoagiza Kariakoo vikaja na basi havikufika elfu thelathini, nauli ya kifurushi ndani.

Waingereza walishabeba sauti kwenye muda wa mipigo ya redio wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na seti yao Na. 10 ilipitisha mazungumzo manane kwa kupokezana mipigo. Nimemweleza kaka kwamba nafasi ya nyimbo nyingine ipo. Yeye anataka kitufe cha kubadilisha stesheni kutoka kwake, yaani mwali wa pili wa kurudi, na nimemwambia huo haumo kwenye undugu. Atalipa.