Siku yangu moja Tabora: waya shingoni mwa Simba

Saa 11:30 alfajiri. Napanga begi kabla ya chai: daftari la saini za maombi yetu kwa Manispaa kuhusu ustawi wa wanyama, kalamu, kibweta cha wino kwa wanaosaini kwa dole gumba, na karatasi nilizochapisha zenye maelezo ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Kiswahili chake ni changu, maana sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Huku mtaani, wengi ninaowasomea karatasi hii hushangaa kusikia kwamba ukatili kwa mnyama ni kosa.

Saa 1:00. Njia ya sokoni. Bodaboda anapita na kuku wamefungwa miguu, wananing'inia kwenye usukani vichwa chini, midomo wazi. Namsimamisha. "Dada, tenga napakiaje, na tajiri hajanipa hela ya tenga?" Neno lake nimeliandika pembeni ya daftari. Tukimbana dereva peke yake na kumwacha mwenye mzigo, tutakuwa tumemwonea. Amesaini, kaondoka. Kuku wale wale, vichwa chini.

Saa 3:00, Ipuli. Nimeitwa na afisa mifugo tunayeshirikiana naye. Mbwa wa rangi ya udongo amelala chini ya mwembe, nzi wamemjaa shingoni. Kwa mbali nilidhani kaumwa na mbwa mwenzake. Nilipochuchumaa nikaona ncha mbili za waya zimechomoza kwenye manyoya, na waya wenyewe hauonekani: nyama imeufunika. Alifungwa angali mtoto, akakua, waya haukukua.

"Mwangaluka, babu." Mzee anaitikia, macho yako kwa mbwa. "Mwanangu, huyu Simba nampenda. Anakula ninachokula." Namwamini, sufuria ya ugali iko pale pale.

Afisa anamchoma ganzi, anasubiri, anaingiza koleo taratibu. Waya ulikatika kwa mlio mdogo, mzee akageuza uso. Harufu ilitufikia sote. Tukaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, mara tatu, mpaka maji yakatoka safi.

Kwa mzee kama huyu faini pekee haitoshi. Alihitaji mtu wa kupita kwake miezi sita iliyopita. Sheria inawataja wakaguzi wa ustawi wa wanyama, lakini mkaguzi asiyefika mtaani ni jina tu. Ndiyo maana tunaiomba Manispaa sheria ndogo itakayoipa kila kata mtu wake wa kazi hiyo, mwenye muda na nauli.

Saa 6:00. Ofisi moja. Nimekaa kwenye benchi saa mbili, nikaambiwa nirudi Alhamisi. Nitarudi.

Saa 9:00. Shule ya msingi. Nawaeleza watoto kuhusu kichaa cha mbwa: ukiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali kuchanjwa. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita. Mtoto mmoja anauliza kwa nini basi mbwa wa mtaani wanapigwa mawe badala ya kuchanjwa. Nimemwomba alirudie swali lile mbele ya mwalimu mkuu, akalirudia bila woga.

Saa 11:30 jioni. Nimerudi Ipuli kabla giza halijaingia. Simba amesimama, miguu inayumba, analamba maji kwenye sufuria. Mzee ananyoosha mkono, nampa kibweta cha wino. Anakandamiza dole gumba kwenye daftari, anaushikilia pale kwa muda.

"Na hili uliandike, mwanangu: mwenye mtoto wa mbwa aipime kamba kila mwezi, vidole viwili vipite."

Nimeliandika. Ni ombi la saba.