Nchi Haikuwatosha

Somo la juma: Mwanzo 13:5–18

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Abramu na Lutu, mwana wa ndugu yake, walipanda kutoka Misri wakiwa na kondoo, ng'ombe, hema na watumishi wengi. Walipofika kati ya Betheli na Ai, wachungaji wao wakaanza kugombana. Maandiko hayazunguki katika kutaja sababu: "Na ile nchi haikuwatosha wakae pamoja, maana mali yao ilikuwa nyingi" (mst. 6). Mstari unaofuata unatukumbusha kwamba Wakanaani na Waperizi nao walikuwa wakikaa katika nchi siku zile. Malisho yalikuwa na wenyewe, na visima vilikuwa na foleni, kabla makundi haya mawili hayajafika.

Mwaka 1927 dunia ilikuwa na watu wapatao bilioni 2. Mwaka 1974 tukafika bilioni 4, na Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba tumefika bilioni 8. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa 1927 na kujaliwa miaka 95 amewaona wanadamu wakiongezeka mara nne katika maisha yake. Katika muda huo dunia haikuongezewa maji hata tone. Katika maji yote yaliyopo, yasiyo ya chumvi ni kama asilimia 2.5 tu, na sehemu kubwa ya hayo imeganda barafu au imejificha chini sana ardhini. Kinachobaki mitoni na maziwani ndicho tunachogawana sisi, mifugo, mashamba, viwanda, na kila kiumbe kingine.

Hapo waamini huwa tunagawanyika. Wako wanaosema Mungu aliyetoa kinywa atatoa na chakula, mazungumzo yakaishia hapo. Wako pia wanaomtazama kila mtoto anayezaliwa kama mzigo mpya juu ya dunia, na lugha hiyo mimi inaniumiza, kwa sababu kwa kawaida hunenwa juu ya watoto wa maskini. Zaburi ya 127 inasema wana ndio urithi wa Bwana, wala haitengi watoto wa nyumba fulani. Idadi yenyewe haipandi kama zamani. Katika miaka ya 1960 mwanamke alizaa kwa wastani watoto watano hivi. Leo wastani wa dunia ni wawili na kidogo. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yanaonyesha tutafika takriban bilioni 10.3 katika miaka ya 2080, kisha idadi ianze kupungua taratibu. Badiliko hili lilikuja pale watoto walipopona magonjwa yaliyokuwa yakiwaua wakiwa wachanga, wasichana walipobaki shuleni, na mume na mke walipoweza kuketi pamoja wakapanga uzazi wao kwa dhamiri safi. Hayo ni mambo ambayo kanisa lina kila sababu ya kuyaombea na kuyafanyia kazi.

Lakini turudi kwenye mstari wa 6, maana una neno gumu kwetu. Nchi ilielemewa na mali. Abramu alikuwa bado hana hata mtoto mmoja! Mtu asiye na mtoto na mpwa wake waliijaza nchi kwa mifugo. Leo asilimia 10 ya watu wenye kipato cha juu kabisa duniani husababisha karibu nusu ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za wanadamu. Mwaka 2022 zaidi ya tani bilioni 1 za chakula zilitupwa madukani, hotelini na majumbani, na sehemu kubwa ya hizo ilitoka majumbani. Ukitupa chakula umetupa pia maji yaliyokiotesha, na kilimo ndicho kinachochukua takriban asilimia 70 ya maji yote matamu tunayoyachota. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu watoto wa jirani, tuhesabu ng'ombe zetu.

Lutu alipopewa nafasi ya kuchagua, aliinua macho akaliona Bonde la Yordani, lenye maji tele kama bustani ya Bwana, akalichagua lote. Leo Mto Yordani, ule wa kusini ya Bahari ya Galilaya, umebakiwa na sehemu ndogo tu ya maji yake ya asili. Mengine yamezuiwa kwa mabwawa na kuvutwa kwa mabomba kwenda mijini na mashambani mwa nchi zote zinazouzunguka, kila moja ikiwa na haja ya kweli. Bahari ya Chumvi, inayoutegemea mto huo, inashuka kwa karibu mita moja kila mwaka. Pale Ein Gedi, kando ya bahari hiyo, palijengwa kituo cha kuogea karibu kabisa na maji katika miaka ya 1980. Baadaye ikawa wageni wanapandishwa kwenye behewa linalovutwa na trekta ili kuyafuata maji yalikokimbilia. Kandokando ardhi inabomoka na kufanya mashimo makubwa.

Kuna baraka nyingine tunayoiruka. Tunapenda kunukuu Mwanzo 1:28, "Zaeni, mkaongezeke." Lakini siku moja kabla, katika mstari wa 22, Mungu alikuwa ameshawaambia samaki maneno yayo hayo: "Zaeni, mkaongezeke, mkayajaze maji ya baharini." Samaki walibarikiwa kabla yetu, na Mungu hakuifuta baraka yao alipotubariki sisi. Katika pwani ya Newfoundland, Kanada, watu walivua aina moja ya samaki kwa karibu miaka 500. Kisha zikaja meli kubwa zenye majokofu, zikazoa usiku na mchana, samaki wa kuzaa pamoja na wadogo. Julai 1992 serikali ililazimika kuufunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Sheria ya Musa ilikwisha kulisema jambo hili katika Kumbukumbu la Torati 22:6–7. Ukikuta kiota njiani, makinda waweza kuyatwaa, ila mama umwache aende zake, "upate kufanikiwa." Mungu anaruhusu kula, ila anakataza kumaliza kizazi.

Sasa mtazame Abramu. Yeye ndiye mkubwa, na ahadi ya nchi alipewa yeye. Alikuwa na haki ya kuchagua kwanza, naye akaitoa: "Basi usiwepo ugomvi, nakusihi, kati ya mimi na wewe... maana sisi ni ndugu." Ukienda kushoto, nitakwenda kuume. Akabaki na vilima vikavu. Na ni baada ya Lutu kuondoka ndipo Bwana akamwambia, "Na uzao wako nitaufanya uwe kama mavumbi ya nchi." Ahadi ya watu wasiohesabika alipewa mtu aliyekuwa ametoka tu kupunguza malisho yake kwa ajili ya ndugu. Siwezi kuisoma ahadi ile nikaitenga na tendo lile.

Katika vikundi vyetu vya nyumbani juma hili, tusome sura hii polepole, na watoto wakiwepo. Tuulizane ni wapi sisi ndio tunaochagua kwanza: kwenye maji, ardhi, kuni, chakula, na ni nani anayebakiwa na vilima. Kila nyumba itazame kwa siku chache kile inachotupa, tukikumbuka kwamba Yesu, aliyeweza kuzidisha mikate kwa neno, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu (Yohana 6:12). Tuwaombee pia wale wanaoketi mezani kugawana maji ya mito inayopita nchi zaidi ya moja. Miongoni mwao wapo waamini wenzetu, nao hurudi nyumbani kwa watu wasiotaka kusikia kwamba wamekubali kupewa kidogo.