Wesekh, tanuri la nne: shanga zimeng'aa pande zote

Nimefungua tanuri alfajiri, hata halijapoa sawasawa, na shanga zote 26 zinang'aa. Pande zote! Buluu ile ile inayoelekea kijani, ya wesekh, zile kola pana za shanga walizovaa mafarao wa Misri mabegani.

Mchanganyiko haujawahi kunisumbua: unga wa kwatzi, chokaa kidogo, magadi, shaba. Magadi ni haya haya ya kulainishia maharage, kutoka Ziwa Magadi, ndugu wa natroni ambayo Wamisri waliichota Wadi Natrun. Shaba niliipata kwa kumimina maji ya magadi kwenye mrututu (chumvi ya buluu ya shaba) ulioyeyushwa, nikaosha mashapo na kuyakausha.

Kilichonitesa miezi miwili ni upande wa chini. Mara tatu nimechoma, mara tatu juu kioo, chini chaki. Nikaongeza magadi, nikapandisha joto hadi nyuzi 950, hola. Kisha nikaona ushanga mmoja una kipara chenye umbo la kidole gumba changu, hadi mistari ya ngozi inahesabika. Hapo ndipo nikashtuka. Maji yanapokauka hupanda na magadi, yakayaacha juu kama ukungu mweupe, na ukungu huo ndio unaogeuka kioo motoni. Upande uliolala kwenye sinia haupati hewa, kwa hiyo haupati ukungu. Na pale nilipogusa, niliufuta mwenyewe.

Safari hii nilifinyanga kila ushanga kwenye bua la nyasi, nikayalaza mabua juu ya matofali mawili, upepo upite chini, siku mbili. Kisha nikakutanisha ncha ya bua na ncha ya waya wa jiko la umeme, shanga zikateleza zikahamia kwenye waya bila kuguswa. Zikachomwa zikining'inia.

Wanaosaga kwatzi kwenye kinu cha chuma, kiacheni. Chembe zake huchafua rangi. Cha jiwe kinaua bega, lakini unga wake ni safi. Na barakoa vaeni, vumbi hilo si la mchezo.

Leo nilipanga kuanza kutunga safu ya kwanza ya wesekh yangu. Sikutunga. Mwanaakiolojia Mwingereza Petrie alipochimba Amarna, mji wa kale wa Misri, mwaka 1891 na 1892 alikuta maelfu ya kalibu ndogo za udongo, za petali, zabibu, tende, kwa ajili ya kola za maua. Shanga za umbo la silinda peke yake zimeanza kuniudhi, nataka maua! Kalibu ya kwanza, ya tende, iko kivulini inakauka.